Je, Gari Nalo Lina Uraia?

Ndugu msomaji, siku ya gulio simama kando ya barabara uyatazame magari yanayopita. Lile lililojaza magunia ya mahindi ni Fuso. Lile la abiria, wameshonana hata mlango haufungi, ni Toyota. Nyuma yake inakuja Isuzu. Yote asili yake ni Japani. Mengi yalitumika huko kwanza, yakachoka kidogo, ndipo yakaletwa kwetu kwa meli.

Sasa tukumbuke jambo jingine. Mwaka 1944 vijana kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa, ambayo leo ni Malawi, walikuwa Burma. Walikuwa askari wa Keya, wakipigana na Wajapani kwa amri ya Waingereza. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa. Njia zilikuwa tope tupu. Magari yalizama, na wengi waliugua malaria. Wengine walizikwa huko huko.

Waliorudi walizeeka vijijini mwetu. Je, umepata kusikia mzee wa Keya aliyekataa kupanda gari la Kijapani kwa sababu ya mambo ya Burma? Sisi hatujapata kumsikia. Alipanda. Kama alilalamika, alilalamikia nauli.

Lakini iko nchi moja ambako jambo hili lilikuwa zito. Nchi hiyo ni Marekani. Kwa miaka mingi baada ya vita, walikuwapo Wamarekani ambao hawakutaka hata kulitazama gari la Kijapani. Mtu akilinunua, jirani aliweza kumwuliza: Hivi wewe huoni haya? Umesahau walichotufanyia? Baba aliyekuwa askari aliweza kumwambia mwanawe asije nalo uani kwake.

Tumeona tulieleze jambo hili polepole. Ndani yake zimo hasira mbili. Kila moja ilikuwa na sababu yake. Lakini zilipochanganyika, mtu aliuawa, na mtu huyo hakuwa Mjapani.

HASIRA YA KWANZA NI YA VITA

Tarehe 7 Desemba 1941, asubuhi ya Jumapili, ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii. Huko ndiko zilikokuwa manowari nyingi za Marekani. Vita baina ya nchi hizo mbili vilikuwa havijatangazwa. Wamarekani zaidi ya 2,400 walikufa. Kesho yake Marekani ikaingia vitani.

Miezi minne baadaye, Aprili 1942, askari wa Marekani na wa Ufilipino walishindwa mahali panapoitwa Bataan, nchini Ufilipino. Kiasi cha watu 75,000 walitekwa. Wengi wao walikuwa Wafilipino. Walitembezwa kwa miguu juani mwendo wa kilomita kama 100, bila maji wala chakula cha kutosha. Aliyeanguka aliweza kuchomwa kisu cha bunduki au kupigwa risasi. Maelfu walikufa njiani. Baadhi ya waliopona walipakiwa melini mpaka Japani, wakafanyishwa kazi kwa nguvu viwandani na migodini. Mingine kati ya migodi hiyo ilikuwa ya Mitsubishi.

Jina hilo, ndugu msomaji, lishike. Mitsubishi ndiyo iliyobuni ndege ya kivita iliyoitwa Zero, na ndege za Zero zilikuwamo katika shambulio la Pearl Harbor. Kampuni nyingine iliyotengeneza ndege za vita iliitwa Nakajima. Baada ya vita ilivunjwa vipande. Mwaka 1953 baadhi ya vipande vile viliunganishwa tena kuwa kampuni mpya, na huko ndiko lilikotoka gari la Subaru. Hata malori ya jeshi la Japani yalitoka kwa wazazi wa Isuzu na kwa Toyota.

Basi mtazame mtu aliyechimba mgodi akiwa mateka, mbavu zinahesabika. Miaka 30 baadaye anaona jina lile lile limebandikwa nyuma ya gari la jirani. Tusimcheke. Kwake jina lile si tangazo la biashara. Fedha ni zake. Ni haki yake kununua analotaka na kuliacha asilolitaka.

Shida ilikuwa mahali pengine. Hasira ile haikubaki juu ya serikali ya Japani ya wakati ule na majemadari wake. Iliwamwagikia watu kwa sura zao. Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi amri moja. Kwa amri hiyo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, waliokuwa wakiishi pwani ya magharibi ya Marekani, walitolewa majumbani mwao. Walipelekwa makambini, nyuma ya seng'enge, wengine jangwani. Theluthi mbili walikuwa raia wa Marekani. Wamezaliwa huko. Wakulima waliacha mazao shambani. Wenye maduka waliuza mali kwa bei ya kutupa. Na wakati huohuo vijana wao walikuwa Ulaya katika jeshi la Marekani wakipigana na Wajerumani. Lo! Kijana yuko mstari wa mbele, mama yake yuko kambini analindwa kwa bunduki.

Miaka 40 ilipita. Mwaka 1983 tume iliyoundwa na Bunge la Marekani ilisema wazi kwamba usalama wa nchi haukudai jambo lile. Sababu zilikuwa ubaguzi wa rangi, wasiwasi wa vita, na viongozi kushindwa kuongoza. Mwaka 1988 ikapitishwa sheria. Serikali iliomba radhi, na kila aliyekuwa bado hai akapewa dola 20,000.

NA WAJERUMANI JE?

Msomaji atauliza: Mbona Marekani ilipigana na Ujerumani pia? Je, magari ya Kijerumani nayo yalikataliwa?

Hapa ndipo penye kufikiri. Chukua Volkswagen, lile gari dogo lenye mgongo wa mviringo kama kobe. Mradi wake ulikuwa wa Hitler mwenyewe. Wakati wa vita kiwanda chake kilitumia maelfu ya watu waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Lakini mwaka 1970 peke yake Wamarekani walinunua Volkswagen zaidi ya 500,000. Vijana walilipenda, wakalichora maua. Mwaka 1968 ilitengenezwa hata sinema ya kuchekesha ambamo gari lile ndilo mhusika mkuu.

Wapo ambao hawakucheka. Wayahudi wengi walikataa gari la Kijerumani, na wako wanaolikataa mpaka leo. Watu wao milioni sita waliuawa na serikali ya Hitler. Nani atawaambia wasahau? Lakini sikiliza hili. Wapo pia Wayahudi waliokataa Ford. Naam, Ford, gari la Marekani lenyewe! Katika miaka ya 1920 Henry Ford alikuwa na gazeti lake, na gazeti hilo liliwachafua Wayahudi toleo baada ya toleo. Mwaka 1938 serikali ya Hitler ilimtunukia nishani, naye akaipokea. Tena kiwanda cha Ford kilichokuwa Ujerumani, na kile cha Opel ambacho mmiliki wake alikuwa General Motors ya Marekani, vyote viwili vilitengeneza malori yaliyolibeba jeshi la Hitler. Sasa niambie, katika orodha hiyo gari la adui ni lipi?

Kwa Wamarekani wengine wengi, Mjerumani alisamehewa mapema. Kwa nini? Tunaona sababu moja kubwa ni sura. Mtoto wa Mjerumani akitembea mjini hakuna anayemtambua. Wakati wa vita Wajerumani waliokamatwa Marekani walikamatwa mmoja mmoja. Hawakusombwa kijiji kizima, bibi na wajukuu. Mjapani hutambuliwa toka mbali. Au tuseme, watu hudhani wanamtambua.

HASIRA YA PILI NI YA KAZI

Sasa twende Detroit. Huu ni mji wa viwanda vya magari. Makao ya General Motors, Ford na Chrysler yako huko na jirani yake. Wakati wa vita viwanda vya Detroit viliacha kutengeneza magari ya watu, vikatengeneza vifaru na ndege. Baada ya vita vikarudi kwenye magari. Kijana aliingia kiwandani bila elimu kubwa. Alipewa kazi ya kukaza skrubu au kuchomelea, na kwa mshahara ule alijenga nyumba na kusomesha watoto. Baba kiwandani, mwana kiwandani, mjukuu naye anangoja. Ndugu zetu wa pamba na korosho wataelewa upesi. Zao likianguka, hata muuza chumvi analia.

Mwanzoni Wajapani hawakumtisha mtu. Mwaka 1957 Toyota walipeleka Marekani gari lililoitwa Toyopet. Kwenye barabara zile ndefu za mwendo mkali lilichemka na kutetemeka. Mwaka 1958 yaliuzwa chini ya 300. Watu walicheka. Siku hizo kwa Mmarekani kitu kilichotengenezwa Japani maana yake ni kitu cha ovyo, cha kuvunjika kabla hujafika nacho nyumbani.

Wajapani hawakununa. Walirudi kujifunza. Mmoja wa walimu wao, utashangaa, alikuwa Mmarekani. Jina lake W. Edwards Deming. Alikwenda Japani mwaka 1950 akawafundisha wakuu wa viwanda: msingoje kitu kiishe kutengenezwa ndipo mkikague, chunguzeni kila hatua, mliondoe kosa palepale linapozaliwa. Huko kwao Marekani wenye viwanda hawakumjali sana. Kumbe alikuwa anawafunda washindani wao. Mwaka huohuo wa 1950 Toyota ilikuwa karibu kufilisika, yaani madeni yameipita mali. Nani aliiokoa? Jeshi la Marekani! Vita vya Korea vilikuwa vimeanza, jeshi likahitaji malori karibu na hapo, likaagiza maelfu kwa Toyota.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliacha kuiuzia Marekani mafuta, kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati. Ndani ya miezi michache bei ya pipa moja iliruka kutoka dola kama 3 hadi karibu 12. Sisi wa Afrika Mashariki tuliumia. Wamarekani nao walipanga foleni kwenye vituo vya petroli, jambo ambalo hawakulizoea. Magari yao yalikuwa makubwa kama nyumba, yakinywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, bei ikaruka tena.

Hapo ndipo watu walipoyatazama upya yale magari madogo ya Kijapani. Bei nafuu, mafuta kidogo, na hayaharibiki ovyo. Mwalimu alinunua. Muuguzi alinunua. Hawakuwa wasaliti. Walipiga hesabu ya mshahara, kama wewe unavyopiga hesabu ya mbolea. Mwaka 1980 Japani iliipita Marekani kwa wingi wa magari yaliyotengenezwa. Katika kila magari matano yaliyouzwa Marekani, moja hivi lilikuwa la Kijapani.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ulikuwa mchungu. Chrysler ilikaribia kufa, serikali ikaidhamini mkopo wa dola bilioni 1.5. Wafanyakazi zaidi ya 200,000 wa viwanda vya magari waliachishwa kazi. Mwaka 1981 Japani ilikubali kupunguza magari yake, isipeleke zaidi ya 1,680,000 kwa mwaka.

(Ukiona Wamarekani wengi bado wanaendesha pikapu za kwao, usidhani ni uzalendo tu. Kuna kuku ndani yake. Miaka ya 1960 nchi za Ulaya zilitoza ushuru mkubwa kuku wa Marekani. Marekani ikalipiza mwaka 1964 kwa ushuru wa asilimia 25 juu ya pikapu na malori madogo kutoka nje. Ugomvi wa kuku ulikwisha. Ushuru ungali upo.)

Je, kosa lilikuwa la Wajapani? Wakuu wa viwanda vya Detroit walikuwa wameonywa na foleni za mwaka 1973, nao wakaendelea na magari makubwa kwa sababu ndiyo yenye faida nono. Ubora nao ulilegea. Lakini mtu aliyeachishwa kazi hamwoni mkuu wa kampuni. Mkuu yuko ghorofani. Anachokiona ni Toyota imeegeshwa mbele ya nyumba ya jirani.

Basi bango liliwekwa kwenye maegesho ya makao makuu ya chama cha wafanyakazi wa magari, Detroit: magari ya kigeni hayatakiwi hapa. Mahali pengine watu walilipa pesa kidogo wapewe nyundo, walipige gari la Kijapani mpaka libonyee. Ilikuwa kama mchezo wa sabasaba. Na maneno ya Pearl Harbor yakarudi midomoni. Vijana ambao mwaka 1941 walikuwa hawajazaliwa walisema eti Wajapani wametushambulia mara ya pili, safari hii kwa magari. Hasira ya mzee wa Bataan ilikuwa imeazimwa na mtu ambaye hakufika Bataan.

MTU MMOJA, JINA LAKE VINCENT CHIN

Juni 1982 kijana mmoja wa Detroit alikuwa anajiandaa kuoa. Aliitwa Vincent Chin. Umri wake miaka 27. Kazi yake ilikuwa kuchora michoro ya ufundi. Usiku wa tarehe 19 alitoka na rafiki zake kwenda kwenye ukumbi wa starehe kuagana na ujana.

Ukumbini walikuwamo wanaume wawili weupe. Mmoja alikuwa msimamizi katika kiwanda cha Chrysler. Wa pili alikuwa mtoto wake wa kambo, aliyekuwa ameachishwa kazi ya magari. Ugomvi ukazuka. Shahidi mmoja alieleza baadaye kwamba alimsikia yule msimamizi akimwambia Chin, kwa matusi, kuwa ni kwa sababu ya watu kama yeye hawana kazi. Walitolewa nje. Wale wawili hawakwenda nyumbani. Walimtafuta Chin, wakamkuta. Mmoja alimshika, na yule msimamizi akampiga kichwani kwa rungu la mchezo wa besiboli. Chin alifariki siku nne baadaye. Watu walioalikwa arusi walikuja kwenye mazishi.

Sasa tazama. Vincent Chin hakuwa Mjapani. Alizaliwa China, akachukuliwa kama mwana na Wachina waliokuwa wakiishi Marekani. Katika vita vile China ilikuwa upande mmoja na Marekani. Wajapani waliwaua Wachina kwa mamilioni kabla hata ya Pearl Harbor na baada yake. Na baba yake Chin, yule aliyemlea, alivaa sare ya jeshi la Marekani katika vita hivyohivyo. Kama kuna nyumba iliyokuwa na sababu ya kuwakasirikia Wajapani, ilikuwa hiyo.

Machi 1983 wauaji walihukumiwa. Hakimu hakuwafunga hata siku moja. Aliwapa miaka mitatu ya uangalizi na faini ya dola 3,000 kila mmoja. Kwa fedha hizo siku zile hununui hata gari dogo jipya. Wamarekani wenye asili ya China, Japani, Korea na Ufilipino, ambao zamani hawakuwa kitu kimoja, waliandamana pamoja. Kesi ilifunguliwa upya katika mahakama ya taifa. Mwaka 1984 msimamizi yule alipewa kifungo cha miaka 25, lakini alikata rufani akashinda, na kesi iliporudiwa mwaka 1987 aliachiwa. Mama yake Chin alifungasha vitu vyake akarudi China.

GARI HILI NI LA NANI?

Tumesema yule aliyeua alifanya kazi Chrysler. Kuna jambo moja hatuwezi kuliacha. Tangu mwaka 1971 Chrysler ilikuwa inawauzia Wamarekani gari dogo lililoitwa Dodge Colt. Dodge ni jina la Chrysler, na mnunuzi aliweza kujisifu kwamba amenunua cha nyumbani. Lakini Colt ilitengenezwa Japani, ikaletwa kwa meli, ikabandikwa jina. Na aliyeitengeneza alikuwa nani? Mitsubishi. Wale wale wa Zero na migodi. Kwa hiyo kuna askari wa zamani aliyeapa hatanunua cha Mjapani, kisha akaendesha Mitsubishi kila Jumapili kwenda kanisani, roho yake nyeupe. Hatumlaumu. Angejuaje?

Na tangu hapo mambo yalizidi kuchanganyika. Novemba 1982, miezi michache baada ya kifo cha Chin, kampuni ya Honda ilianza kutengeneza magari Marekani, katika jimbo la Ohio. Nissan wakafuata Tennessee mwaka 1983. Toyota walifungua kiwanda chao Georgetown, Kentucky, mwaka 1988. Waliokaza skrubu humo ni Wamarekani.

Lakini mfano mzuri kupita yote ni wa Fremont, California. Palikuwa na kiwanda cha General Motors. Kilifungwa mwaka 1982. Sifa za wafanyakazi wake zilikuwa mbaya: utoro, ulevi, migomo. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia, yaani umiliki wa pamoja, wa General Motors na Toyota. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani. Tofauti ilikuwa jinsi ya kupanga kazi. Mfanyakazi akiona kosa aliruhusiwa kuvuta kamba, na asiposaidiwa upesi mstari wote ukasimama mpaka kosa litengenezwe. Zamani ukisimamisha mstari ulifukuzwa. Basi watu wale wale walioitwa walevi wakaanza kutoa magari bora kuliko viwanda vingine vya kampuni yao.

Kutoka mstari huohuo mmoja yalitoka magari mawili ndugu. Moja liliitwa Toyota Corolla. La pili, baada ya muda, liliitwa Prizm, likauzwa kwa jina la General Motors. Tofauti zao zilikuwa ndogo. Lakini mwenye kuamini kwamba Mjapani ni fundi alilipa zaidi apate Corolla. Na asiyetaka kumwona Mjapani alichukua Prizm, akaondoka amefurahi. Sisi tukisoma habari hii tunacheka kidogo. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2010, na leo ni cha Tesla.

Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilitunga sheria ili mnunuzi asidanganyike. Kuanzia mwaka 1994, kila gari jipya hubandikwa karatasi dirishani. Karatasi husema sehemu gani ya vipuri imetoka Marekani na Canada, na gari limeunganishwa wapi. Ndipo watu walipoona maajabu. Toyota Camry ya Kentucky ilikuwa na jasho la Mmarekani ndani yake kuliko magari mengi yenye majina ya Kimarekani. Ford Fusion, tangu mwaka 2005 mpaka 2020, iliunganishwa Mexico. Chrysler yenyewe ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1998, baadaye na Waitalia, na leo imo ndani ya kampuni ya Stellantis ambayo makao yake yako Uholanzi.

Hata hivyo hatutaki kusema kwamba kununua cha nyumbani ni ujinga. Mfanyakazi wa Detroit aliyesema nunueni tulichotengeneza, ili tule, alisema jambo la kweli. Hata sisi tunapenda khanga zifumwe kwetu na sukari isagwe kwetu. Faida ya kampuni huenda kwa wenye hisa, na wenye hisa wa Toyota wengi hawako Kentucky. Hayo ni mambo ya kujadiliana kwa hesabu. Lakini hesabu hiyo haihitaji Pearl Harbor. Ukimwona mtu anadai ushuru huku anataja Pearl Harbor, mwulize ni lipi kati ya hayo mawili analolitaka.

Na Mjapani naye tumwulize. Tarehe 6 Agosti 1945 ndege ya Marekani aina ya B-29 iliangusha bomu la atomiki juu ya mji wa Hiroshima. Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka huo watu kama 140,000 walikuwa wamekufa. Injini nyingi za ndege za aina hiyo zilitengenezwa Chicago, katika kiwanda cha Dodge, mali ya Chrysler. Mzee wa Hiroshima akikataa kupanda Chrysler, nani atamwambia amekosea? Na akimpiga kwa rungu kijana wa Kimarekani anayepita njiani, nani atamwambia amefanya vema?

Wale mateka wa zamani walingoja. Wengi walikufa wakingoja. Julai 2015, miaka 70 baada ya vita, wakuu wa kampuni ya Mitsubishi Materials walisafiri kutoka Japani mpaka Los Angeles. Walisimama mbele ya mzee wa Kimarekani wa miaka 94, mmoja wa mateka waliofanyishwa kazi katika mgodi wao. Waliinama, wakainama sana kama ilivyo desturi yao, wakaomba radhi. Mzee akapokea.

Mitsubishi Materials ni kampuni ya madini. Haitengenezi magari.